Ghala Halikujengwa kwa Ajili ya Wageni

Mwaka 2006 ghala la Harmondsworth liliuzwa kwa pauni 1. Kijiji hicho kiko magharibi ya London, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Heathrow, na ghala lenyewe ni la miaka ya 1420. Urefu wake unakaribia meta 60, upana unazidi meta 11, nguzo na kenchi zote ni za mwaloni, na nyingi kati ya hizo ni zile zile zilizosimamishwa na maseremala wa kwanza. Mamlaka za umma zilipewa nafasi ya kulichukua kwa bei hiyo ya sarafu moja, zikakataa. Likaangukia mikononi mwa kampuni iliyosajiliwa Gibraltar.

Anayeona ajabu hajawahi kuita fundi wa paa. Jengo la kale bei yake haiko kwenye hati ya mauziano. Iko juu, kwenye vigae na kenchi, na inaendelea kulipwa kila mwaka wa mvua. Juu ya gharama hiyo kuna swali ambalo halmashauri nyingi hulikwepa: tukishalitengeneza, litakuwa la kazi gani? Nafaka haihifadhiwi humo tena. Mashine inayovuna na kupura papo hapo shambani, iliyoenea Ulaya na Marekani katikati ya karne ya 20, iliyafanya maghala haya yakose kazi ndani ya kizazi kimoja. Milango yake ni myembamba kwa trekta za leo, na nguzo zimesimama njiani.

Jibu linalopendwa, tangu miaka ya 1970 hivi, ni kulifanya kituo cha wageni. Ni jibu linalopendeza kila mtu mezani. Mhifadhi anafurahi kuwa jengo halibomolewi, mwanasiasa anapata utepe wa kukata, mfadhili anapata bango lenye nembo yake, na watalii wanapata mahali pa kuanzia. Kwa hiyo limerudiwa tena na tena, kuanzia Essex hadi Massachusetts, na mara nyingi limetekelezwa vibaya. Hoja yangu ni kwamba ghala na kituo cha wageni ni vitu viwili vinavyotaka mambo yanayogombana, na miradi iliyofaulu ni ile iliyokubali ugomvi huo mapema ikayapeleka mahitaji ya wageni kwenye jengo jingine.

Tuanze na kituo cha wageni, maana watu hudhani kimekuwepo siku zote. Kwa sura tunayoijua leo, kilitungwa Marekani. Mwaka 1956 Idara ya Hifadhi za Taifa ya nchi hiyo, chini ya mkurugenzi wake Conrad Wirth, ilianzisha mpango wa miaka 10 ulioitwa Mission 66, ukamilike idara itakapotimiza miaka 50. Baada ya vita watu walikuwa na magari na likizo, hifadhi zikafurika, na vyoo na vibanda vya maelezo vilikuwa vimetawanyika ovyo. Wirth na wasanifu wake wakaviunganisha vyote chini ya paa moja: dawati la maelezo, maonyesho, ukumbi wa filamu, ofisi za askari wa hifadhi, vyoo, na maegesho mbele ya mlango. Vituo zaidi ya 100 vilijengwa kwa mpango huo, kwa zege, chuma na vioo. Yaani tangu kuzaliwa kwake kituo cha wageni ni mashine ya kupokea umati. Kinataka mwanga mwingi, joto la kutosha wakati wa baridi, maji ya bomba, sakafu tambarare, njia za kutokea moto ukitokea, na mlango ambao mtu mwenye kiti cha magurudumu anaupita bila kuomba msaada.

Ghala nalo ni mashine, ila ya kazi nyingine. Ukisimama katikati ya moja ya yale ya Zama za Kati kule Uingereza, utaona milango miwili mikubwa inayotazamana, mmoja kila upande wa ubavu. Mkokoteni uliosheheni miganda uliingia kwa huku ukatokea kwa kule. Miganda ilirundikwa kulia na kushoto hadi karibu na paa, na sehemu ya kati, baina ya milango, ikaachwa wazi iwe sakafu ya kupuria. Wakati wa baridi, kazi za shambani zikiwa zimepungua, vibarua walisimama pale wakipura kwa fimbo zenye kiungo, kisha wakafungua milango yote miwili ili upepo upite na kupeperusha makapi. Madirisha hakuna. Kuna matundu membamba ukutani kwa ajili ya hewa, maana nafaka iliyofungiwa bila hewa huvunda. Giza, upepo na ubaridi, ambavyo mgeni wa leo huvilalamikia kwenye kitabu cha maoni, ndivyo vilivyokuwa ufundi wenyewe.

Ukubwa nao ulikuwa na sababu. Jengo la namna hii hupimwa kwa vyumba baina ya kenchi na kenchi; Harmondsworth lina vyumba 12, hivyo kenchi 13. Katikati ni uwazi mrefu, na kila upande kuna ujia uliotengwa kwa safu ya nguzo, kama kanisa. Seremala aliamua upana kwa kuangalia mti aliokuwa nao. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa hili, kwa sababu chumba cha nyumba ya mawe ya Lamu au Mji Mkongwe ni chembamba kwa sababu hiyo hiyo: boriti ya mkoko haibebi dari ya zaidi ya meta tatu hivi, basi chumba kinafuata boriti. Kule Uingereza mwaloni uliwapa nafasi pana zaidi, lakini sheria ni moja. Mti ndio uliochora ramani.

Ndiyo maana ufundi wa mbao umekuwa njia ya kujua umri wa maghala haya. Cecil Hewett, mwalimu wa Essex aliyetumia miaka mingi akichunguza namna mbao zilivyounganishwa, alidai katika miaka ya 1960 kwamba maghala mawili ya Cressing Temple, huko huko Essex, ni ya karne ya 13. Wengi hawakumwamini. Walidhani jengo la mbao haliwezi kudumu hivyo. Vipimo vya pete za miti vilivyofanywa baadaye vilimuunga mkono: Ghala la Shayiri ni la mwanzoni mwa karne hiyo, na Ghala la Ngano limefuata miongo kadhaa baadaye. Hewett alisoma viungo: ulimi wa mbao uliochongwa kuingia tundu la mbao nyingine, kisha kigingi kikapigiliwa kuvibana. Kila kizazi cha maseremala kilikuwa na mkato wake. Fundi wa ukarabati anayekata kiungo kilichooza na kutia bamba la chuma anarahisisha kazi yake, lakini pia anachana ukurasa ambao mtu kama Hewett angeusoma.

Hapa ndipo inapoingia mabishano ya zamani kuliko vituo vya wageni vyenyewe. Mwaka 1877 William Morris, mshairi na msanifu, alianzisha Uingereza chama cha kulinda majengo ya kale kwa sababu alichukizwa na wasanifu wa enzi yake waliokuwa "wakirudisha" makanisa katika sura ambayo hayakuwahi kuwa nayo. Alitaka majengo yatengenezwe palipoharibika tu, na kiraka kionekane ni kiraka. Morris huyo huyo alikuwa akiwapeleka wageni wake kutazama ghala la mawe la Great Coxwell, karibu na nyumba yake ya Kelmscott, na alilisifu kana kwamba ni kanisa kuu. Msimamo wake umeshinda kwa kiasi kikubwa. Leo fundi mzuri wa ghala hukata sehemu iliyooza tu ya mguu wa nguzo, akaunga mwaloni mpya kwa mkato wa mshazari unaoshikana na wa zamani, na hataupaka rangi kuuzeesha. Mwaloni mpya hung'aa kwa miaka kadhaa kisha ukawa kijivu wenyewe. Mara nyingi hutumika ukiwa mbichi, kama walivyofanya wa kale, kwa sababu mwaloni mkavu ni mgumu kama chuma kuuchonga. Ukikauka ukiwa umeshaungwa, viungo vinajibana.

Adui mkubwa wa ukarabati huu kwa miaka 100 iliyopita amekuwa saruji. Katika majengo ya mbao iliziba pembeni mwa boriti ya chini inayolala juu ya msingi, maji yakaingia yasitoke, na mbao ikaoza ndani huku nje ikionekana imekaza. Pwani yetu mafundi wanaijua hadithi hii kwa upande wa mawe ya matumbawe: ukuta uliojengwa kwa chokaa ukipigwa plasta ya saruji, unyevu na chumvi vinabaki ndani, plasta inavimba na kubanduka pamoja na uso wa jiwe. Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa wakati wa Sultani Majid mnamo 1866 na 1867, ni mfano wa karibu wa kurekebisha kosa hilo. Liliponea chupuchupu kubomolewa, likakarabatiwa, na tangu 2017 lina kituo cha urithi wa usanifu wa jiji. Mgeni anaingia, anaona jinsi Dar ilivyokua, na ukuta unaobeba picha nao ni sehemu ya maonyesho. Na gharama ya kuchelewa nayo tunaijua. Tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jengo la Sultani Barghash la 1883 lililowahi kuwa makumbusho, iliporomoka sehemu kubwa ya mbele wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafa. Miaka minane kabla, sehemu nyingine ilikuwa imeshaanguka.

Turudi kwenye mvutano wenyewe. Chukua mwanga. Msanifu akipewa ghala na kuambiwa alifanye kituo cha wageni, jambo la kwanza linalomjia ni kutoboa paa atie vioo. Paa la ghala ni uso wake. Ukilitoboa matundu 20, umepata kiwanda. Watu wa uhifadhi Uingereza hushauri njia nyingine: mwanga uingilie pale ambapo tayari pana uwazi. Milango mikubwa ya mkokoteni inawekewa kioo kirefu kwa ndani, na mbao za zamani za mlango zinabaki nje, zikifunguliwa asubuhi. Inapendeza, na inaweza kuondolewa siku yoyote bila kovu.

Joto ni gumu zaidi. Ghala lenye nyufa haliwezi kupashwa joto, na likizibwa nyufa linaanza kuugua. Mwaloni uliozoea unyevu wa nje kwa miaka 600 ukikaushwa ghafla na mashine za joto hupasuka na kupinda. Baadhi ya wasanifu wametoroka kwa kujenga nyumba ndogo ndani ya ghala: sanduku la mbao na vioo lenye joto lake, lisilogusa nguzo, humo wakaweka dawati na duka. Kwa maoni yangu ni suluhisho zuri kwa ghala kubwa sana, na baya kwa la kawaida, kwa sababu linakula ule uwazi ambao ndio watu walikuja kuuona. Mtu analipa kiingilio kuliona ghala, halafu anaona sanduku.

Vyoo sitavizungumzia sana, ila niseme tu kwamba mfereji wa maji machafu ukichimbwa katikati ya sakafu ya kupuria ya karne ya 13, wanaakiolojia watakuja kwanza, na watakaa.

Na kuna popo. Uingereza popo wote wanalindwa na sheria, ile ya mwaka 1981 ikiwa ndiyo msingi, pamoja na mahali wanapolala hata kama hawapo kwa wakati huo. Maghala ndiyo nyumba zao. Mkandarasi hawezi kuanza kuezua paa mpaka mtaalamu amefanya uchunguzi, kibali kikatolewa, na msimu ukafaa: wakati wa kuzaa hapana, wakati wa kulala usingizi wa baridi pia pengine hapana. Mradi unaweza kupoteza mwaka mzima kwa ajili ya wanyama wanaoenea kwenye kiganja. Bundi wa maghalani naye analindwa akiwa na kiota. Wapo wanaonung'unika. Mimi naona popo wamelitumia ghala vizuri kuliko wapangaji wengi wa kibinadamu, hawakutoboa kitu.

Avebury, kusini magharibi mwa Uingereza, wamejifunza kuishi na haya yote. Kijiji kimezungukwa na duara la mawe ya kale, sehemu ya urithi wa dunia pamoja na Stonehenge tangu 1986, na watu wanafika kwa maelfu. Pana ghala kubwa la kupuria la karne ya 17, lililoezekwa kwa nyasi, na jirani yake pana zizi la farasi la zamani. Vyote viwili ni makumbusho, lakini kazi zimegawanywa kwa akili. Vitu vya kweli vilivyochimbuliwa, vinavyotaka hewa tulivu na ulinzi, vimo katika zizi, ambalo ni dogo na rahisi kudhibiti. Ghalani mmewekwa maelezo, picha na vitu vya watoto kugusa, ambavyo popo wakichafua vinafutwa. Ghala halikulazimishwa kuwa sanduku la makumbusho. Limebaki ghala lenye mambo ya kutazama.

Marekani mfano wangu ni Hancock, Massachusetts, kwa jamii ya kidini ya Shaker. Ghala lao la mawe ni la mviringo, lilijengwa 1826, likaungua 1864, likajengwa tena. Mkokoteni wa majani makavu uliingia ghorofa ya juu, ukazunguka ukutani ukishusha mzigo katikati, ukatoka kwa mlango ule ule bila kurudi nyuma hata hatua. Chini, ng'ombe walisimama kwa duara vichwa vikielekea kwenye rundo, na mtu mmoja aliyesimama katikati aliwalisha wote. Samadi ilishuka chini zaidi. Mgeni anayeingia humo anaelewa baada ya dakika mbili jinsi watu wale walivyofikiri kuhusu kazi, bila bango lolote. Kijiji kilipofanywa makumbusho kuanzia 1960, ghala lilikarabatiwa, kazi ikamalizika 1968, na likaachwa liwe onyesho lenyewe. Tiketi, chakula na vyoo viko kwenye jengo jingine la kisasa. Wangeweza kubana fedha kwa kuyaweka yote katika duara lile. Wangepata mgahawa wa ajabu na kupoteza ghala.

Cressing Temple, nililolitaja, lilichukua njia ya kati. Baraza la Kaunti ya Essex lililinunua eneo hilo 1987. Ghala la Ngano likapewa maonyesho ya historia na ufundi wa mbao, na la Shayiri likawa ukumbi wa shughuli, zikiwemo harusi. Wahafidhina hukunja uso kusikia harusi. Sioni kwa nini. Sherehe inataka kile ambacho ghala linacho: nafasi kubwa tupu yenye paa zuri. Meza huletwa na kuondolewa, taa huning'inizwa na kushushwa, na Jumatatu jengo liko vile vile. Harusi ni mpangaji mpole kuliko maonyesho ya kudumu yenye kuta za bandia na nyaya chini ya sakafu.

Suala la simulizi huwa linapewa wiki ya mwisho ya mradi, wakati fedha zimeisha, na hapo ndipo aibu hutokea. Karibu kila ghala kubwa la kale Uingereza huitwa na watu ghala la zaka, wakimaanisha lilihifadhi sehemu ya kumi ya mavuno iliyotolewa kanisani. Great Coxwell huitwa hivyo, na Harmondsworth pia. Yote mawili si ya zaka. La kwanza lilikuwa la shamba la watawa wa Beaulieu, la pili la shamba la Chuo cha Winchester: mavuno ya mwenye ardhi mwenyewe, yaliyovunwa na wapangaji na vibarua wake. Tofauti si ndogo. Ghala la zaka linasimulia habari za imani na kodi ya kanisa; ghala la mwenye ardhi linasimulia nani alimiliki, nani alipura, na nani alikwenda nyumbani na nini. Kituo cha wageni kinachochagua simulizi la kwanza kwa sababu linasikika vizuri kimewaondoa vibarua kwenye jengo lao mara ya pili.

Cressing wana bahati ya kuwa na historia isiyofichika. Mwaka 1137 eneo lilipewa Matempla, shirika la wapiganaji watawa. Walipovunjwa mwaka 1312 likaenda kwa Mahospitala, shirika jingine la namna hiyo. Mwaka 1381, wakulima wa Essex na Kent walipoasi kodi ya kichwa, mkuu wa Mahospitala Uingereza, Robert Hales, ndiye aliyekuwa mweka hazina wa mfalme. Waasi waliivamia Cressing wakapora mali. Siku chache baadaye Hales mwenyewe alikatwa kichwa London. Mgeni akilijua hilo, hatazami tena kenchi kama urembo. Ghala lililojaa ngano mbele ya watu wenye njaa lilikuwa jambo la kisiasa.

Kwetu mfano unaouma uko Mkunazini, Zanzibar. Chini ya jengo la St Monica, kando ya kanisa kuu la Anglikana lililosimama palipokuwa soko la watumwa, wageni huoneshwa vyumba vya chini na kuelezwa kwamba watumwa walifungiwa humo kusubiri mnada. Soko lilifungwa 1873. Jengo lilijengwa na wamisionari baada ya hapo, kwa ajili ya tiba, na wanahistoria wamekwisha kuhoji simulizi hilo kwa sababu hiyo. Utumwa ulikuwepo, soko lilikuwepo hatua chache kutoka hapo, na uchungu wake hauhitaji kuongezewa. Tatizo ni kwamba jengo linabebeshwa ushahidi ambao si wake, na siku mgeni atakapogundua tarehe, ataanza kutilia shaka hata yale ya kweli. Maonyesho yaliyofunguliwa hapo 2016, yenye maelezo marefu ya biashara hiyo Afrika Mashariki, ni msingi imara kuliko vile vyumba.

Sasa fedha, ambazo ndizo hufunga au kufungua mlango. Wafadhili hupenda kujenga. Kulipa mshahara wa mtu wa dawatini mwaka wa saba hawapendi. Kwa hiyo ghala hukarabatiwa vizuri, hufunguliwa kwa ngoma, na baada ya muda linafunguliwa siku tatu kwa wiki, halafu moja. Sera za kodi nazo huchekesha. Uingereza, kujenga nyumba mpya hakutozwi kodi ya ongezeko la thamani, ila kukarabati jengo la kale lililolindwa kunatozwa asilimia 20. Hata ule msamaha uliokuwepo kwa mabadiliko yaliyoidhinishwa ulifutwa Oktoba 2012. Kisha mwaka 2014 sheria ya mipango ikarahisisha kugeuza maghala ya shamba ya kawaida kuwa nyumba za kuishi, ingawa yaliyoorodheshwa kwa ulinzi hayamo. Mwenye ghala akipiga hesabu, nyumba inamlipa na wageni hawamlipi. Marekani wana punguzo la kodi la asilimia 20 ya gharama za ukarabati wa jengo la kihistoria, lakini sharti liwe la kuingiza kipato, na kituo cha wageni cha kijiji mara nyingi hakiingizi. Kwa hiyo harusi zinarudi tena, safari hii kwa mlango wa mhasibu.

Harmondsworth lenyewe liliishaje? Kampuni iliyolinunua haikulitunza, vigae vikalegea, serikali ikalazimika kuingilia kwa matengenezo ya dharura, na mwanzoni mwa 2012 English Heritage, shirika la serikali la kutunza urithi, ikalinunua kwa pauni 20,000. Ukarabati uliofuata uligharimu zaidi ya nusu milioni, na ukakamilika 2015. Mwaka huo huo shirika hilo liligawanywa: kazi za sheria na ushauri zikabaki serikalini kwa jina la Historic England, na majengo yakakabidhiwa taasisi ya hisani iliyobaki na jina la English Heritage, ikapewa pauni milioni 80 na kuambiwa ijifunze kujitegemea. Maghala yasiyouza tiketi hayamo katika ndoto za mhasibu wa taasisi ya namna hiyo.

Na bado walifanya jambo ambalo naliona ni uamuzi bora kuliko yote niliyoyataja. Hawakujenga mgahawa. Hawakutia vioo wala sanduku la joto. Walitengeneza paa na mbao, wakaliacha tupu, na hufunguliwa bure Jumapili mbili kwa mwezi katika miezi ya joto, likisimamiwa na marafiki wa ghala, ambao wengi ni watu wa pale pale kijijini. Mtu anaingia, anainua kichwa, anaulizwa angependa kuelezwa chochote. Hicho ndicho kituo cha wageni: mtu mwenye ufunguo anayejua anachokizungumzia.

Udhaifu wa mpango huu uko wazi, na hauhusiani na mwaloni. Serikali ya Uingereza imerudi kuunga mkono njia ya tatu ya kurukia ndege Heathrow, jambo lililotangazwa upya Januari 2025. Kwa ramani iliyopitishwa na Bunge 2018, sehemu kubwa ya Harmondsworth ingebomolewa. Ghala lingesalia, karibu kabisa na uzio mpya. Sheria inalilinda jengo kwa daraja la juu kuliko yote, daraja lile lile la makanisa makuu. Wale wanaolifungua Jumapili hawana daraja lolote. Ikiwa nyumba zao zitanunuliwa na kuvunjwa, English Heritage itabaki na ghala zima, paa zima, na tangazo la kazi la kumtafuta mtu wa kutoka mbali aje kufungua mlango.